Vijana Wanaoivisha Michezo ya Kompyuta Wasibezwe

Katika ofisi nyingi za umma na katika vyumba vya walimu, neno "gemu" halina heshima. Kijana anayeonekana ameinamia simu huku vidole vyake vikikimbia juu ya kioo huhesabiwa papo hapo kuwa mvivu, na mwanafunzi anayekamatwa na kosa hilo hunyang'anywa simu na jina lake kuandikwa katika daftari la nidhamu. Hukumu hiyo ina sababu zake, na hapana mzazi mwenye busara atakayeilaumu moja kwa moja. Hata hivyo, hukumu inayotolewa kwa jumla huweza kumfunga asiye na hatia. Miongoni mwa vijana hao wamo ambao hawachezi tu. Wamo walioufungua mchezo, wakachunguza jinsi ulivyoshonwa, wakauvua mavazi uliyokuja nayo na kuuvisha mengine waliyoyatengeneza kwa mikono yao wenyewe.

Kazi hiyo ni ufundi, tena ufundi wenye kanuni zake. Swali linalowakabili walimu na watumishi wa umma si kama vijana waruhusiwe kuufanya, kwa sababu wanaufanya tayari bila ruhusa ya mtu. Swali ni kama ufundi huo utaachwa uishie katika kupamba mali ya wageni, au utaelekezwa katika kuihifadhi sura ya nchi hii kabla wengine hawajaichora wapendavyo.

Kanga na mwili

Yafaa kwanza ieleweke ni kazi gani inayozungumzwa. Kila kitu kinachoonekana katika mchezo wa kompyuta kina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni umbo: nyumba, mti, mtumbwi au mtu, vyote vikiwa vitupu, mfano wa sanamu ya udongo ambayo bado haijapakwa rangi. Sehemu ya pili ni picha bapa inayovishwa juu ya umbo hilo, ili ukuta uonekane kuwa ni wa tofali, paa lionekane kuwa ni la nyasi, na mtumbwi uonekane kuwa ni wa mti uliochongwa. Mafundi huiita picha hiyo tekscha.

Mwalimu anayetaka kulieleza jambo hili darasani hana haja ya kwenda mbali, atwae kanga. Kanga iliyotandikwa mezani ni mstatili mtupu wenye pindo, mji na jina. Ikivaliwa, mstatili huo hufuata mwili: hupinda kiunoni, huanguka magotini, na jina husomeka au hufichika kutegemea jinsi mvaaji alivyoifunga. Fundi wa tekscha hufanya kazi hiyo hiyo. Hutandika juu ya meza ya kompyuta vipande vyote vya umbo, mfano wa fundi cherehani anayetandika vipande vya gauni kabla ya kushona, kisha hupaka kila kipande rangi yake akijua kwamba kosa la unywele mmoja katika pindo litaonekana mgongoni mwa mvaaji.

Mabadiliko yanayofanywa na mtu wa nje katika mchezo uliokwisha kutolewa huitwa modi. Wapo wanaodhani kwamba mabadiliko hayo ni utundu wa watoto. Historia inakataa. Mwaka 1999 vijana wawili waliokuwa wanafunzi wa vyuo, Minh Le na Jess Cliffe, waliubadilisha mchezo wa kampuni ya Valve ya Marekani wakapata mchezo mwingine, Counter-Strike. Mwaka uliofuata kampuni yenyewe iliununua, na mchezo huo ukawa miongoni mwa inayochezwa zaidi duniani. Kilichoanza kama modi kikawa ajira.

Mlango wa basi

Katika Afrika ya Mashariki ufundi huu umeingia kwa mlango wa basi. Mwaka 2017 kampuni ya Maleo ya Indonesia ilitoa mchezo wa kuendesha basi unaochezwa kwa simu, Bus Simulator Indonesia. Mchezo huo unampa mchezaji nafasi ya kulipaka basi rangi azitakazo kwa kutumia picha aliyoitengeneza mwenyewe, na hata kuingiza gari jingine kabisa. Vijana wa Tanzania na wa Kenya hawakuhitaji kufundishwa mara mbili. Waliyavisha mabasi yale ya Kiindonesia rangi, nembo na maandishi ya mabasi wanayoyaona kila siku barabarani, wakapeana picha hizo kwa simu, na fundi akajulikana kwa kazi yake hata na watu wasiopata kumwona uso.

Ni vema kukumbuka kwamba mapambo ya magari yamewahi kudharauliwa hapo awali. Nchini Kenya, michoro ya matatu ilikuwa sanaa ya mitaani yenye mafundi wake, wanafunzi wake na ushindani wake. Mwaka 2004, katika kanuni za usalama barabarani zilizofahamika kwa jina la Waziri John Michuki, magari hayo yaliamriwa kuwa na mstari wa manjano na michoro ikapigwa marufuku. Yaliyohusu mikanda na vidhibiti mwendo yalikuwa na faida yake. Lakini wachoraji waliingizwa katika kapu moja na madereva wakorofi. Miaka kama kumi ilipita kabla ya Serikali ya nchi hiyo kulegeza msimamo na kukiri kwamba uchoraji ule ulikuwa riziki ya vijana. Somo liko wazi: ni rahisi kuufuta ufundi kwa waraka mmoja, na ni kazi ya miaka kuurudisha.

Elimu iliyofichwa ndani ya picha

Mwalimu atauliza, na ana haki ya kuuliza: kuna elimu gani katika kupaka basi rangi? Jibu ni kwamba ipo elimu nyingi, ila imefichwa ndani ya kazi.

Ipo hesabu. Picha ya kompyuta ni shamba la nukta zilizopangwa kwa safu. Katika mchezo wa Minecraft, upande mmoja wa tofali una nukta 16 kwa 16, yaani 256 tu, na ndani ya nukta hizo fundi anatakiwa kumfanya mtazamaji aone mchanga au gome la mti. Ni nidhamu kubwa ya macho. Katika michezo mingine picha huwa na nukta 1,024 kwa 1,024, ambazo jumla yake ni 1,048,576. Fundi akiuongeza kila upande mara mbili, nukta huwa mara nne, na simu ya bei ndogo huanza kulemewa. Kijana aliyeligundua jambo hilo baada ya simu yake kuzima katikati ya safari amejifunza eneo la mraba kwa namna ambayo ubao peke yake usingemfundisha.

Ipo fizikia. Picha ya ukuta iliyopigwa jua likiwa kali huja na kivuli chake. Ikivishwa katika mchezo ambao una jua lake lenyewe, ukuta huwa na vivuli viwili vinavyogombana. Ndiyo maana fundi mzoefu hupiga picha zake siku ya mawingu, mwanga unapokuwa umetandaa sawasawa. Aidha, mchanga mkavu hutawanya mwanga na mchanga uliolowa huurudisha kama kioo; kwa hiyo fundi hutengeneza picha ya pili inayoueleza mchezo mahali pa kung'aa na mahali pa kufifia, na pengine ya tatu inayoonyesha vibonde na vimwinuko visivyoonekana kwa rangi.

Na ipo subira. Picha moja ya mchanga hurudiwa mara nyingi ili ifunike ufuko mzima, kama vigae sakafuni. Kingo zake zisipokutana, mchezaji huona mistari mirefu isiyokuwapo katika ufuko wowote wa Mungu. Msusi wa mikeka analijua tatizo hilo: ukili usiolingana huharibu mkeka wote, hata kama kila ukili peke yake ni mzuri.

Kwa kazi zote hizo programu za bure zipo. Ya kuhariri picha, GIMP, ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Ya kuunda maumbo, Blender, imekuwa huria tangu 2002. Hapana leseni ya kununua, na hapana sababu ya shule kuiba programu.

Nani anayeichora Afrika?

Lakini hoja iliyo kubwa zaidi si ya hesabu. Ni hoja ya sura ya mtu na ya nchi yake.

Mwaka 2009 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo uitwao Resident Evil 5. Mambo yake yanatokea katika nchi ya Afrika isiyokuwapo, mahali panapoitwa Kijuju. Maadui wa mchezo huo, watu waliogeuzwa kuwa viumbe wa kuua, wanaitwa Majini, na wanapomkimbilia mchezaji na mapanga hupiga kelele kwa Kiswahili. Tangu picha zake za kwanza zilipoonyeshwa mwaka 2007 palizuka mabishano juu ya ubaguzi wa rangi. Mwalimu wa Kiswahili anapaswa kulitafakari jambo hili. Kwa vijana wengi wa mabara mengine, mara ya kwanza kukisikia Kiswahili huenda ilikuwa ni katika vinywa vya Majini hao, katikati ya kuta za vumbi na mabati.

Kuta hizo hazikujichora. Kila bati lenye kutu na kila kipande cha udongo kilichopasuka ni tekscha iliyochaguliwa na mtu aliyekaa mezani akaamua kwamba hivyo ndivyo Afrika inavyofanana. Pengine hakuwa na nia mbaya. Alichora kwa picha alizokuwa nazo, na picha alizokuwa nazo zilikuwa za namna hiyo.

Kwa watu wa Ziwa Nyasa jambo hili si geni. Kaskazini ya Mbamba Bay iko bandari ya Liuli. Wajerumani walipofika waliuona mwamba ulio karibu na bandari hiyo, wakakumbuka sanamu ya Misri, wakapaita Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sphinx. Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen ilipoishambulia hapo meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann, ni jina hilo la kigeni lililoingia katika vitabu vya vita. Mgeni alitazama mwamba wa Nyasa akaona Misri. Aliyekuwa na kalamu ndiye aliyetoa jina. Leo mwenye picha ndiye anayetoa sura.

Tena hatari imeongezeka. Siku hizi kuna mitambo ya akili mnemba inayotengeneza picha kwa kuagizwa kwa maneno. Mitambo hiyo hujifunza kutokana na mamilioni ya picha zilizokwisha kuwekwa kwenye intaneti. Nchi ambayo picha zake ni chache haiachwi tupu. Hujazwa kwa kubahatisha, na ubahatishaji hufuata mazoea ya zamani.

Utajiri wa Chiwanda

Ndipo linapokuja swali la Chiwanda. Kata hiyo iko katika mwambao wa Ziwa Nyasa, mkoani Ruvuma, katika eneo lililokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012. Mtu akiambiwa kwamba mahali kama Chiwanda pana mali inayotakiwa na watengenezaji wa michezo ya kompyuta, huenda akacheka. Na acheke, kisha atazame tena.

Upo mchanga mkavu na mchanga uliolowa. Yapo mawe ya ukingoni yaliyolambwa na mawimbi hata yakawa na mistari ya maji ya misimu mbalimbali. Upo ubavu wa mtumbwi wa gogo moja, ambamo alama za tezo zimebaki kama maandishi ya fundi. Upo wavu uliotundikwa, na upo uduvi wa fedha wa dagaa walioanikwa juani, wale ambao watu wa ziwa huwaita usipa. Ipo nyumba ya tofali za kuchoma, ambazo rangi yake hutofautiana na ya tofali za Songea kwa sababu udongo si mmoja. Upande wa kaskazini wa ziwa ipo kazi ya wanawake wa Kikisi, ambao vyungu vyao vimesafiri kwa mitumbwi na kwa meli kutoka ufuko mmoja hadi mwingine.

Huko juu, katika milima ya Umatengo, yapo mashamba ya ngoro. Mkulima hulaza nyasi alizofyeka kwa mistari inayokatana, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuzifunika nyasi hizo, hata mlima wote ukawa kama sega la nyuki: matuta yenye mazao, na mashimo yanayoyazuia maji ya mvua yasiteremke na udongo. Wataalamu wa kilimo wametoka mbali kuja kuusoma ufundi huo. Hapana mchoraji wa ng'ambo atakayeubuni kwa kukisia. Ama ataupata kwa picha iliyopigwa na mtu wa Mbinga, ama mlima wake utakuwa wa nyasi tupu.

Na chini ya maji wapo samaki. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki, na nyingi kati yao hazipatikani mahali pengine popote duniani. Wale wadogo wa kwenye mawe, wenye mistari ya buluu, manjano na nyeusi, wanapamba matangi ya vioo katika nyumba za Ulaya na Marekani. Mtoto wa kule anawajua kwa majina ya kitaalamu, na mtoto wa mwambao anapokwenda darasani hukuta kitabuni picha ya samaki wa bahari nyingine.

Haitakuwa mara ya kwanza kwa Ruvuma kutoa mchoraji wa miraba. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 hakuwa na turubai wala rangi za wasanii wa shule. Alichukua mbao za kuezekea dari, za futi mbili kwa mbili, na rangi za mafuta za dukani, akachora wanyama kwa jicho lake mwenyewe. Alifariki mwaka 1972, akiwa amefanya kazi hiyo kwa miaka michache tu, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Mraba wa dari haukumzuia. Mraba wa nukta 256 hautamzuia kijana wa leo.

Nyumba ya kupanga

Zipo pingamizi, na ni za haki.

La kwanza ni muda. Mwanafunzi anayekesha na simu hushindwa mtihani, na hapana tekscha itakayomfidia. Hilo ni kweli, nalo linadai ratiba. Mpira wa miguu nao humaliza muda, lakini shule hazikuupiga marufuku. Ziliupa saa yake, uwanja wake na mwalimu wake. Wala usichanganywe ufundi huu na mashine za kamari zilizozagaa vijiweni. Kamari humnyang'anya kijana alichonacho; ufundi humwachia kitu mkononi.

La pili ni uaminifu. Rangi na nembo za kampuni ya mabasi ni mali ya kampuni hiyo, na picha iliyotengenezwa na fundi mmoja si halali ya mwingine kuitia jina lake. Desturi ya kunyakua kazi za wenzao ipo miongoni mwa vijana hawa, na haifai kufunikwa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 inalinda kazi za sanaa pamoja na sanaa za jadi, lakini ni vijana wachache waliowahi kuelezwa kwamba inawahusu, ama wakiwa wezi ama wakiwa walioibiwa.

La tatu ndilo zito kuliko yote. Mwenye modi ni mpangaji. Amepaka kuta za nyumba isiyo yake, na mwenye nyumba anaweza kubadilisha kufuli asubuhi yoyote. Aprili 2015 kampuni za Valve na Bethesda zilijaribu kuruhusu modi za mchezo wa Skyrim ziuzwe. Fundi aliyeitengeneza kazi alipewa robo ya bei. Robo tatu zilikwenda kwa wenye mchezo na wenye soko. Malalamiko yalikuwa makubwa, na mpango ukafutwa kabla ya wiki kwisha. Wengi walilalamikia kulipishwa. Wachache waliuliza kwa nini jasho lithaminiwe kwa robo. Wahenga walisema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na anayeshinda akiupamba mchezo wa mwingine, kisha asibaki na chochote siku mchezo huo unapofungwa, amejisitiri kwa nguo ya namna hiyo.

Dawa ya tatizo hilo si kuacha. Dawa ni kutambua ni kipi kinachodumu. Mchezo hupita, simu mpya huja, mtindo hubadilika, kampuni hufilisika. Lakini picha safi ya ubavu wa mtumbwi, iliyopigwa kwa kanuni, ikapimwa na kuhifadhiwa pamoja na jina lake, hutumika katika mchezo wa leo na wa kesho, katika filamu, katika kitabu cha shule, katika mchoro wa mhandisi na katika makumbusho. Vazi hilo ni la mwenyewe, wala halikuazimwa.

Mfano upo katika bara hili. Kikundi kidogo kilichoanzishwa Afrika Kusini, Poly Haven, kimejenga hazina ya tekscha na maumbo ambayo mtu yeyote duniani huchukua bure bila sharti. Mafundi wake walikwenda Namaqualand, nchi kame ya kaskazini-magharibi mwa Afrika Kusini, wakapiga picha mawe, mchanga na mimea yake. Leo mtengenezaji wa michezo aliye Ulaya, akitaka jangwa, huweza kulichukua jangwa la Namaqualand jinsi lilivyo. Hakuna aliyelikisia.

Yanayowezekana sasa

Kazi hii haihitaji kusubiri mfadhili. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 viligawiwa kwa walimu, na kila kimoja kina kamera. Njia ya umeme ya gridi ya Taifa kutoka Makambako ilifika Songea mwaka 2018. Tangu Januari 2024 shule za sekondari zimeanza kupokea mkondo wa amali, ambao shabaha yake ni kumpa kijana ujuzi wa mikono pamoja na cheti. Vyombo vipo, kinachokosekana ni mtu wa kuvikusanya pamoja.

Mwalimu wa shule ya mwambaoni aanze na nyuso kumi: mchanga, mwamba, mtumbwi, wavu, tofali, paa la nyasi, bati, gome la mwembe, mkeka na chungu. Wanafunzi wazipige picha siku ya mawingu, rula ikiwa imewekwa kando ili ukubwa ujulikane. Katika daftari waandike jina la kitu kwa Kiswahili na kwa lugha ya wenyeji, mahali, tarehe, na jina la aliyetoa ruhusa. Ruhusa hiyo si adabu tu. Makaburi, mahali pa matambiko na nyumba ya mtu si vitu vya kupigwa picha kwa sababu tu mlango ulikuwa wazi. Baada ya hapo mwalimu wa hesabu apate somo lake la nukta, wa fizikia apate la mwanga, na wa Kiswahili apate la msamiati. Somo hili la mwisho si dogo, maana fundi asiye na maneno ya kazi yake katika lugha yake hushindwa kumrithisha mwenzake, na Baraza la Kiswahili la Taifa lina kazi ya kufanya hapo.

Maofisa utamaduni wa halmashauri, kwa upande wao, wazipokee picha hizo na kuzihifadhi kama wanavyohifadhi kumbukumbu nyingine za wilaya, wakieleza waziwazi nani azitumie na kwa sharti gani. Na wenye dhamana ya hakimiliki wafike hadi mwambaoni, wasiishie mijini, ili kijana ajue haki yake kabla ya kunyang'anywa.

Jambo hili lina haraka yake. Paa la nyasi linaondoka na bati linaingia. Hilo ni jema kwa anayelala chini yake, wala hapana mwenye haki ya kumtaka mwananchi avujiwe ili picha ipendeze. Mtumbwi wa gogo nao unapungua kadiri miti mikubwa inavyopungua, na boti za mbao zinachukua nafasi yake. Mwenye kumbukumbu ya tezo akifariki, alama zake juu ya mti hazisomwi tena. Kizazi cha sasa ndicho pengine cha mwisho kitakachoweza kuziona nyuso hizo zote kwa pamoja katika ufuko mmoja, na ndicho cha kwanza chenye kamera mkononi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kijana wa Chiwanda atacheza, apende mwalimu asipende. Lililo mikononi mwa mwalimu na mtumishi wa umma ni kuhakikisha kwamba, anapocheza, kwao kuwe kumo ndani ya mchezo: mchanga wake, mtumbwi wake na milima yake ya ngoro, vikiwa na sura zao halisi na majina yao.